Ng'ombe Kitandani, Mlango Mabegani

Jumatatu, 4 Agosti

Tata Nyaruai amekuja ukumbini na kamba ya kupimia. Katikati ya filamu! Amepita mbele ya skrini mara nne, kivuli chake kikubwa kuliko cha mwizi aliyekuwa akifukuzwa. Amepima ukuta hadi ukuta, akaandika kwenye kiganja. Nikamuuliza kuna nini. Akasema anataka kujua ukumbi huu unatosha kuku wangapi.

Kuku!

Tata ni dada ya marehemu baba. Ukumbi ni wake. Benchi, projekta na kipaji ni vyangu. Miaka mitatu nimewaonyesha watu wa Matisi, mtaa wetu wa Kitale, filamu hapa, na si kuonyesha tu. Filamu ikiwa ya Kichina au ya Kizungu, nashika maiki na kuisimulia kwa Kiswahili, vile kumbi zote za huku hufanya. Wasimulizi wengine wanatafsiri. Mimi naboresha.

Tata anasema jana alihesabu watu sita ndani. Uongo mtupu. Walikuwa watano, na mmoja alikuwa anajikinga mvua. Amenipa hadi Jumapili ya tarehe 17. Atakuja baada ya ibada. Akikuta benchi zimejaa watu wazima wenye heshima zao, ukumbi unabaki wangu. Akikuta nafasi, wanaingia kuku mia tatu wa mayai. Tayari ameshaongea na fundi wa vizimba.

Sitashindwa na kuku. Mimi, Muigai!

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kumsalimia Kipketer. Nia ya salamu ilikuwa mbaya. Kipketer ana ukumbi karibu na soko, skrini kubwa, viti vya plastiki vyenye migongo. Watu wanapenda migongo. Nilisikia ametumiwa filamu mpya kutoka Bungoma, na kweli flashi ilikuwa mezani kando ya kikombe chake. Alipotoka kufukuza mbuzi mlangoni nikaichukua, nikaacha yangu iliyofanana nayo kabisa. Ile yangu ina video ya harusi ya binamu yangu. Saa tatu nzima, pamoja na hotuba ya kila mjomba.

Nimecheka njia nzima. Mama mmoja wa mahindi choma ameniuliza kama niko sawa. Sijawahi kuwa sawa hivi.

Flashi sijaifungua. Filamu mpya haichunguliwi, inaleta mkosi.

Jumatano, 6 Agosti

Bango nimeliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: MLANGO WA DAMU! VITA! HELIKOPTA! Mlango nimeutoa kwenye jina la faili, "Mlango Mabegani". Damu, vita na helikopta nimeongeza. Filamu gani mpya haina helikopta?

Hii.

Saa nane watu walijaa hadi benchi ya tatu. Nikawasha. Mwanamume amebeba mlango, anatembea shambani. Dakika tano anatembea. Dakika kumi. Hasemi kitu. Hakuna mtu anayesema kitu. Kisha ghala, ndani ya ghala kitanda, juu ya kitanda ng'ombe. Amelala na shuka yake, anatutazama. Dakika kumi na moja! Nimezihesabu kwa saa. Halafu mwanamke anafagia manyoya kwenye chumba kitupu. Halafu mlango tena.

Kijana mmoja wa nyuma akaita, "Buda, vita iko wapi?" Nikashika maiki. Nikasema huyo ni mpelelezi hatari kutoka Webuye, na ndani ya mlango kuna bunduki. Nikasema ng'ombe ndiye mkubwa wa genge, amejificha. Vijana wakatoka wote kwa mkupuo, wakaniita jina ambalo sitaliandika.

Lakini wazee hawakutoka! Rotich, mfugaji anayeleta maziwa mjini kutoka mteremko wa Elgon, alisimama akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akasema hapo hakuna genge. Akasema huyo ni ng'ombe wa gredi, wa maziwa, amezaa juzi, kiwele kinamuuma upande wa kushoto, ndiyo sababu amelazwa. "Hii ni filamu ya mtu anapenda ng'ombe yake. Si mnaona amemfunika?"

Gladwell, kiongozi wa kwaya, akaruka upande wa pili. Ati ng'ombe! Mlango ndio mambo. Kila mtu amebebeshwa mlango wake, na siku ya mwisho ataulizwa alimfungulia nani. Ng'ombe ni anasa za dunia zimelala raha. Rotich akauliza ni anasa gani inaugua kiwele.

Wakabishana hadi nikazima projekta. Wakaendelea gizani. Nimeharibikiwa. Naona kuku tu mbele ya macho.

Alhamisi, 7 Agosti

Sijaharibikiwa!

Asubuhi nimewakuta Rotich na Gladwell kwenye kinu cha kusaga mahindi, bado wanabishana. Mwenye kinu amezima mashine ili asikie. Foleni nzima imegawanyika: hawa wa Ng'ombe, wale wa Mlango. Saa nane wamerudi wote ukumbini, kila mtu na mashahidi wake. Rotich ameleta daktari wa mifugo aliyestaafu. Gladwell ameleta sauti ya pili na ya tatu za kwaya.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Leo mimi ndiye kunguru.

Lakini moto bila kuni huzima. Kwa hiyo nimemwambia Rotich, kwa siri, kwamba Gladwell amesema mwanamume anayelilia kiwele apelekwe kupimwa kichwa. Gladwell hakusema hivyo. Nimemwambia Gladwell, kwa siri, kwamba Rotich amesema kwaya ikiimba ng'ombe zake zinakatika maziwa. Rotich pia hakusema. Nimejisikia vibaya kidogo, kama muda wa kumaliza chapati moja.

Sasa kuna maonyesho mawili. Saa nane ya Ng'ombe: nasimulia kwa upole, nataja kiwele. Saa kumi ya Mlango: nasimulia kwa sauti ya mahubiri. Filamu ni ile ile. Hakuna aliyelalamika.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo kila mtu ametaka kuja saa ile ile na mwenzake, ili amzomee. Imebidi nifunge kamba katikati ya ukumbi. Kushoto Ng'ombe, kulia Mlango. Nafasi hakuna! Watu wazima! Kofia za heshima! Mwalimu mkuu mstaafu amekaa kwenye kreti ya soda.

Mji nao umechafuka vizuri. Akina mama wa Mlango hawanunui tena maziwa ya Rotich. Mke wa Rotich mwenyewe ni wa Mlango. Rotich amenieleza kwamba tangu juzi anakula ugali na chumvi, na kwamba hajuti. Kiplangat, askari wa stoo ya mahindi, ndiye peke yake asiye na upande. Amekuja siku nne mfululizo. Anangoja helikopta.

Habari moja ya kuudhi. Kipketer aliwasha video ya harusi bila kujua. Nilitegemea wamrushie viti. Badala yake walikaa hadi mwisho, wakalia kwenye hotuba ya mjomba wa tatu, na sasa wanauliza kama wale maarusi wamepata mtoto. Kipketer hata flashi yake hajaidai. Watu wengine hawana akili ya filamu.

Jumatatu, 11 Agosti

Balaa. Kwenye flashi kulikuwa na barua. Nimeiona leo, nikitafuta nafasi ya kuweka nyimbo. Inamwambia Kipketer kwamba aliyetengeneza filamu, dada mmoja wa Malakisi anayeitwa Mary Ann, ataionyesha Bungoma mjini siku ya Jumatano saa nane mchana, na atajibu maswali.

Nilikuwa nasoma kwa sauti. Kosa langu hilo, miaka ya maiki imeniharibu. Gladwell alikuwa mlangoni. Kufikia saa sita Matisi yote ilikuwa inajua. Gladwell anakwenda. Rotich anakwenda. Wanataka mwenye filamu aseme mbele ya watu nani ni mkweli.

Wakiambiwa nani ni mkweli, ubishi umekwisha. Ubishi ukiisha, nani atakuja Jumapili? Tata atakuta benchi tupu na Kiplangat. Nimelala kitandani mchana na viatu nikiwaza kuku.

Mpango: nimfikie Mary Ann kabla yao, nimwombe asijibu.

Jumatano, 13 Agosti

Bungoma. Tumekwenda na pikapu ya maziwa ya Rotich. Gladwell ndiye aliyekaa mbele, kwa heshima ya kwaya. Mimi nilikaa juu ya mikebe ya maziwa kati ya makundi mawili yasiyosalimiana.

Mary Ann nilimpata nyuma ya ukumbi akinywa chai. Msichana mpole, miwani mikubwa. Nikamwambia, dadangu, hawa watu wa Kitale ni wakali sana, ukichagua upande hutoki hapa. Sema tu kila mtu yuko sawa. Akanitazama kwa mshangao, akasema hivyo ndivyo hujibu siku zote. Nilitaka kumbusu mkono. Nikamchukulia mandazi badala yake.

Filamu ikaanza, bila msimulizi. Aibu! Ukumbi mzima kimya na mimi nina mdomo. Kisha watu wa Bungoma nao wakagawanyika, tena kwa njia zao. Wa Malakisi walilitambua ghala: ni la kukaushia tumbaku, basi filamu ni ya wakulima wa tumbaku, na ng'ombe ni mnunuzi amelala tu huku wakulima wanateseka. Wengine wakasema ng'ombe wa kitandani ni ndoto, na ndoto ya ng'ombe ni mahari, nani anaoa?

Ndipo akasimama Mzee Khaoya, ametoka Webuye, fimbo mkononi. Akasema yeye hana shida na maana. "Mrango huo ni wangu," akasema. Ati alimpelekea fundi autengeneze bawaba mwaka jana mwezi wa tatu, na fundi amekuwa akimwambia mbao hazijakauka. Kumbe anazunguka nao mashambani akipigwa picha! "Na choo yangu iko wazi mpaka reo. Nirikuwa naweka gunia!"

Ukumbi ulilipuka. Mary Ann akainuka, uso umemwiva. Akasema mlango utarudishwa, ameomba radhi. Kuhusu maana, akasema alitengeneza filamu mwaka aliofiwa na mama yake, hakuwa na maneno ya kusema, ndiyo maana hakuna anayesema. Lakini maana ni ya yule anayetazama. Kila mtu yuko sawa.

Mtu wa mbele akamsogezea kiti. Hata mimi nilimsogezea mandazi yaliyobaki.

Halafu Gladwell akasema pole sana mwanangu, Mungu akufariji, lakini hujui filamu yako. Rotich akasema ni kweli kabisa, hajui. Haiwezekani kila mtu awe sawa, wengine watakuwa wamekosea, hiyo ni hesabu ya kawaida. Gladwell akamwambia aketi apumzike, wao wataendelea. Rotich akamwandikia jina la dawa ya kiwele.

Kisha jambo baya likatokea. Gladwell alimgeukia Rotich akasema, angalau wewe una msimamo. Rotich akasema, na wewe pia. Wakaanza kupatanisha maneno. Ikajulikana kwamba hakuna aliyesema habari ya kupimwa kichwa wala ya kukatika maziwa. Wote wakageuka kunitazama. Gladwell akasema njia ya mwongo ni fupi.

Kurudi walikaa pamoja wakiimba. Mimi nilipewa mikebe yote niishike.

Ijumaa, 15 Agosti

Amani imeenea Matisi. Inatisha. Rotich na Gladwell wamekubaliana kwamba mwanamume anapeleka mlango ghalani ili ng'ombe asipigwe na baridi, na kwamba huko ndiko kupenda. Wote wameridhika. Hakuna aliye na hamu ya kuiona tena. Wanawake wananunua maziwa. Rotich anakula nyama.

Jana: watu watatu. Leo: Kiplangat. Nimemsimulia peke yake filamu nzima. Mwishoni nikamwongezea helikopta kwa mdomo, tutututu, ili aende nyumbani. Amesema nirudie.

Fundi wa Tata ameshaleta mbao za vizimba. Amezipanga nje ya mlango wangu! Ukumbi huu ndio kitu pekee ambacho nimewahi kukifanya nikasifiwa. Darasani sikusifiwa. Shambani ndiyo kabisa. Nikiwa na maiki watu hunyamaza kunisikiliza, hata Tata mwenyewe alinisikiliza siku moja hadi chai yake ikapoa. Sitaki kuuacha. Nimeandika hivyo wazi na sitaki mtu asome.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeamka na akili. Kwa nini watu waliacha kuja? Kwa sababu wanadhani wameona yote. Basi!

Nimemwambia Rotich kwamba Mary Ann amenitumia kipande kipya ambamo ng'ombe anasimama, amepona. Macho yake yalijaa machozi. Nimemwambia Gladwell kwamba kuna kipande kipya ambamo mlango unafunguka. Ameita mazoezi ya kwaya ya dharura. Kwenye kinu nimetangaza vyote viwili. Nimemtumia Kipketer ujumbe ajaribu bahati yake kesho na ile video ya harusi tuone.

Kipande kipya hakipo. Lakini Tata anataka benchi zilizojaa tu. Hakusema ziwe na watu wenye furaha.

Tena nina silaha ya pili. Tata hajaiona filamu hii. Kwa hiyo kesho nitamsimulia yeye. Nitatafuta mahali pa kumsifu humo ndani. Yule mwanamke anayefagia! Hakuna aliyewahi kumbishania. Ni mwanamke mzima, yuko peke yake, anachapa kazi. Tata kabisa!

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa jikoni kwa mama. Niruhusiwe kuandika kwa mpangilio.

Watu walijaa. Walijaa hadi madirishani! Kwaya nzima, wafugaji wa mteremko mzima, mwalimu mkuu kwenye kreti. Kipketer mwenyewe alikuja, hakupata kiti, akaegemea ukuta usio na mgongo. Tata aliingia na kofia yake ya zambarau. Ilibidi watu wasimame ndipo apate nafasi. Alihesabu kwa kidole, benchi baada ya benchi, akafika mwisho, akatikisa kichwa kwa kukubali. Nimeshinda! Ingekuwa nimezima projekta hapo hapo ningekuwa mtu na ukumbi wake.

Lakini msanii ni msanii. Nikashika maiki.

Nilisimulia kama sijawahi kusimulia. Mlango, sawa. Ng'ombe, sawa. Kisha akaja yule mwanamke. Nikateremsha sauti. Nikasema, mtazameni huyu mama. Ndugu zake walimcheka. Walimwambia acha, huwezi, umezeeka. Watu wasio na faida walikaa katika nyumba yake wakipiga kelele. Lakini yeye alijua moyo wake unataka nini! Alisafisha nyumba yake kwa mikono yake, akafuata alichoonyeshwa, na leo mji wote unamheshimu!

Nikasikia kwikwi. Ni Tata. Alikuwa amevua kofia.

Alisimama, akanyoosha kidole kwenye skrini. "Muigai," akasema, "hayo anafagia ni nini?"

Nikatazama. Siku kumi na mbili nimemwonyesha huyo mwanamke, na baada ya siku ya kwanza nimekuwa naona ufagio tu.

Manyoya. Manyoya ya kuku, chumba kizima, hadi magotini.

Tata akasema benchi zimejaa, ameziona, hatanidhulumu kwa hilo. Lakini yeye alikuwa ameomba ishara kuhusu kuku miezi miwili, na sasa ameipata, tena mbele ya kanisa zima, tena kwa mdomo wa mtoto wa ndugu yake. Angekataa vipi? Nikajaribu kusema kwamba maana ni ya yule anayetazama. Akasema ndiyo, naye ametazama.

Rotich akanyoosha mkono. Akasema kwa mara ya kwanza filamu hii haina ubishi hata kidogo. Gladwell akasema amina. Wote mia na ushee wakapiga makofi, Ng'ombe na Mlango pamoja, na kwaya ikaanzisha wimbo wa shukrani. Kipketer ndiye aliyeshangilia zaidi. Vipande vipya hakuna hata aliyeviulizia, isipokuwa Rotich, mlangoni, kwa sauti ndogo. Nilimwambia ng'ombe amepona. Nilimdanganya lakini nilitaka mtu mmoja aende nyumbani na kitu.

Ijumaa, 22 Agosti

Kuku waliingia jana, mia tatu, wa umri wa kutaga. Tata amenipa kazi ya kuwatunza. Amesema nina sauti nzuri, nitawatuliza. Projekta iko chini ya kitanda kwa mama. Maiki sikuitoa mfukoni.

Nakiri nilihuzunika. Asubuhi nilisimama katikati yao, wote wakanyamaza wakanitazama, nikashindwa hata kusema karibuni.

Lakini nimechunguza. Upande wa kushoto wanataga mayai ya kahawia. Upande wa kulia wanataga ya kahawia zaidi. Ladha ni moja, nimekula sita. Wateja wanakuja, wananunua, wanaenda zao. Hakuna anayekaa, hakuna anayebishana. Biashara imepoa kabisa!

Jioni Rotich amepita na maziwa. Ameniuliza, kwa kuuliza tu, mayai gani ni mazuri. Nimetazama kulia na kushoto, nimemsogelea, nimemwambia ni ya kushoto, ila tafadhali asimwambie Gladwell.

Kisha nimefunga mlango na kwenda mbio kwa Gladwell.